Bihogo Hakuuzwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika komisaria ya polisi, mji wa Uvira, Jumatatu tarehe 12 Agosti 2024, kuanzia saa nne asubuhi, mbele ya OPJ (ofisa wa polisi mpelelezi) Herménégilde.

Jina: Kwizera Noella
Umri: miaka 27
Kazi: mushonaji wa nguo, Kimanga
Makao: Kalundu, kwa baba yake
Uhusiano na mshitakiwa: muchumba wake
Uhusiano na mshitaki: binti wa mdogo wake

Kwanza nimeomba shefu Herménégilde aandike maneno yangu sawa vile ninavyoyasema, asiyavalishe koti na tai. Amekubali. Ameniambia niseme niliyoyaona na niliyoyasikia, niache ninayoyawaza. Nimemwambia nitajaribu, lakini katika jambo hili niliyoyawaza ndiyo mengi.

Emery, aliyefungwa hapa, ni muchumba wangu. Anatengeneza simu Kimanga, milango michache kutoka pale ninaposhona. Aliyemshitaki ni baba yangu mukubwa Sévère, mukulima wa mupunga kule Luberizi. Wote wawili ni watu wangu. Nimeitwa kwa sababu ng'ombe anayesemwa katika mashitaka ni ng'ombe wa mahari yangu, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza neno.

Mnamo tarehe 15 Juni, siku ya Jumamosi, baba mukubwa alipanda milimani Rurambo pamoja na wajomba zangu, kwa mzee Basile, baba yake Emery, kumuona huyo ng'ombe. Baba mukubwa ana goti bovu. Baba alimuomba abaki, atume mwingine. Akasema binti wa mdogo wake hataangaliliwa ng'ombe kwa macho ya kuazima. Alipanda na fimbo, akapumzika njiani mara nyingi, akafika.

Ng'ombe anaitwa Bihogo, juu ya rangi yake nyekundu iliyokolea. Pembe yake moja imeinama kuelekea sikio. Walimzunguka, wakamshika mgongo, wakaangalia kwato, wakamkubali. Kwa jamaa yetu, ng'ombe akikubaliwa, upande wa binti unamufunga kitambaa shingoni. Kile kitambaa nilikishona mimi, kitenge cha bluu chenye maua ya manjano, na pindo nililipitisha mashine mara mbili ili mvua isikiharibu. Tangu kitambaa kinafungwa, ng'ombe anaendelea kula majani ya upande wa mume, lakini ni wa binti. Hatolewi kwa mwingine, na haonyeshwi kwa muntu anayetafuta ng'ombe. Siku ya mahari anashushwa. Akiingia mulango wa baba ya binti, ndoa imesimama. Binti mwenyewe akimufungua kitambaa na ng'ombe akarudi milimani, ndoa imekufa, na hakuna padri wala burgomestre wa serikali wa kuifufua. Sisi tulipanga ashushwe tarehe 31 ya mwezi huu.

Emery alipiga picha siku ile. Bihogo amesimama kwenye majani, ameinua kichwa, kitambaa changu kinaonekana chote. Aliponitumia niliifurahia sana. Niliiweka kwenye uso wa simu yangu na kila mteja aliyekuja kupimwa nilimuonyesha. Nilikuwa na kiburi kidogo, sikatai.

Mwezi wa saba Emery aliingia mafunzo ya vijana wanaotaka kuanza biashara. Alikuwa na wazo tayari, na wazo lenyewe nililipenda. Alisema: "Noella, humu mujini watu wanaoana bila ng'ombe, juu hawajui watamutolea wapi. Kule juu wafugaji hawajui nani iko na haja. Minye nitasimama katikati." Nilimuuliza gari la kushushia ng'ombe atalitoa wapi, na pahali pa kuwalaza. Akacheka. Akasema ndilo mwalimu wao anakataza: usipange nyumba, usinunue gari, usiajiri muntu. Weka kwanza ukurasa mmoja kwenye internet. Picha moja, maneno machache, na pahali pa kubonyeza. Watu wakibonyeza, wazo liko na uzima. Wasipobonyeza, umepoteza siku chache tu, unalala, unawaza lingine.

Nilisema sielewi, kuuza kitu ambacho hakipo. Akasema: "Si kuuza, ni kuuliza. Weye mwenyewe unafanyaka hivyo. Kabla ya kupitisha nguo kwenye mashine, unaipiga bandi na uzi mweupe, muteja anaivaa, unaona pa kubana na pa kuachia. Ukurasa ni bandi." Hapo nilielewa. Nilimwambia mwalimu wake ni muntu wa maana. Kuuliza si ujinga.

Lakini hakuniambia picha ataitoa wapi, na mimi sikuwaza kuuliza. Aliuweka ukurasa wake tarehe 22 Julai, akaanza kuutuma kwa WhatsApp.

Mnamo tarehe 3 Agosti, Jumamosi, saa kumi za jioni, baba mukubwa Sévère aliingia pale ninaposhona akitoka moja kwa moja sokoni Luberizi. Nilimvutia kiti. Hakukaa. Alinipa simu yake, akasema: "Soma."

Nilimuona Bihogo. Juu yake kumeandikwa: "Unataka kutoa mahari na huna ng'ombe? Milima iko naye." Chini ya miguu yake kuna kibonyezo cha kijani: "Ninamuhitaji." Na kitambaa changu shingoni, hakikufichwa hata kidogo.

Shefu ameniuliza nilisikia nini siku ile. Nilisikia aibu mpaka kwenye nyayo. Nilisikia sawa mimi ndiye nimesimamishwa pale, nimevaa kitenge changu, kijani kiko chini yangu na mji mzima wa Uvira unapita unabonyeza. Mteja mmoja alikuwa amevaa nguo yenye pini, akaivua akaniaga, na hakurudi tena siku ile.

Baba mukubwa alisema: "Wauza mupunga wameniuliza mbele ya watu: 'Sévère, ng'ombe ya binti yenu munamugombania na nani?' Nimepanda mulima ule na goti hili, Noella. Nimemufunga kitambaa na mikono yangu. Leo niko muchekesho wa soko." Sauti yake ilikuwa ndogo. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo hivyo, na ndiyo iliyonitisha.

Nilibonyeza mbele yake, nione inafikisha wapi. Paliandikwa: "Asante. Kazi hii haijaanza. Tunataka kujua kama inahitajika. Acha namba yako, tutakuita tutakapokuwa tayari." Nilimsomea. Akasema: "Sisi wa Luberizi tuliona ng'ombe. Nani alifika huko chini?"

Saa kumi na mbili nilikwenda kwa Emery. Alikuwa na simu ya muntu imefunguliwa mezani, visukurubu vidogo viko kwenye kifuniko cha chupa. Aliponiona alifurahi, akaanza kuniambia watu wanabonyeza, hata kutoka Kavimvira, hata kutoka Bijombo. Nilimuacha amalize. Kiisha nikamuuliza: "Na ile ng'ombe ni ya nani?"

Akasema: "Ni Bihogo. Ni picha tu, mama. Katika simu yangu sina ng'ombe muzuri kumupita."

Ninawaambieni kweli, hapo ndipo nilipokasirika. Kabla ya hapo ilikuwa aibu. Nilimwambia: "Ulinifundisha bandi. Sasa nikufundishe na minye. Muteja akija kupima nguo, ninamupimisha nguo yake. Sijawahi kumuvalisha muntu nguo ya muteja mwengine ili nijue kama shono langu linapendeza. Uliuliza Uvira yote kama wanataka ng'ombe. Minye uliniuliza wapi?"

Alichukua simu yake, akaitoa picha pale pale mbele ya macho yangu, kukabaki maneno tu na kile kijani. Akasema alijua ng'ombe ni wangu, ila alidhani picha ni yake kwa kuwa aliipiga yeye. Nilimwambia kama anatafuta picha, apige picha ya kamba bila ng'ombe, juu hicho ndicho hao watu wake walicho nacho. Nilisema kwa ukali. Yeye aliliandika lile neno kwenye mkono wake na kalamu ya wino, na hilo likaniongezea hasira.

Lakini maji yalikwisha mwagika. Watu walikuwa wameipiga picha ya ule ukurasa, wanaitumiana. Emery alikwenda Luberizi kuomba musamaha na jagi la mafuta ya mawese na muntu mzima wa kumsemea. Baba mukubwa hakumfungulia. Alisema aliyemdhalilisha kwenye simu akaombe musamaha kwenye simu. Tarehe 7 alikuja hapa akamshitaki kwamba ameuza ng'ombe mmoja kwa watu wengi. Jumamosi tarehe 10, saa nane za mchana, polisi walimchukua Emery kwenye kazi yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na kipimo shingoni. Alipopita aliomba wamruhusu anipe simu. Aliniambia: "Kuna watu wanangoja jibu mule. Usiwaache."

Nilitaka kumtupia ile simu mgongoni. Muntu anafungwa, ndoa inakufa, anawaza wateja ambao hata si wateja.

Jana Jumapili, baada ya misa, nilikaa nyuma ya nyumba nikaifungua. Nilitaka kuwajibu wote neno moja: hakuna ng'ombe, mwende zenu. Nilianza kusoma ili nijue nianzie kwa nani. Baba mmoja wa hapa Kalundu aliandika kwamba ana watoto wanne na mama yao bila mahari, na kila akienda kwenye kilio kwa wakwe anakalishwa nje pamoja na wapita njia. Mama mmoja aliandika kwa ajili ya kijana wake, baba ya kijana alikufa, hakuna wa kupanda milimani kuomba. Mwingine, jina sitalisema, aliandika hivi, nimeyashika kwa kichwa: "Mama ya watoto wangu ni mugonjwa. Kwao wamesema hata akifariki hatazikwa kama mahari haijatoka. Tafazali, mukianza, muniite minye wa kwanza."

Hawakuwa wanamtamani Bihogo. Wengi hata hawakumtaja. Waliona muntu ameuliza kitu ambacho wao wanaona haya kukisema, wakajibu. Nilikaa na ile simu mpaka mama akaniita kula, nikasema sina njaa. Hasira yangu haikuisha. Ila ilipata mwenzake, na sijui wale wawili niwapange vipi ndani ya kifua kimoja. Sikumjibu muntu yeyote kwa ubaya. Yule wa mgonjwa nilimwandikia kwamba nimesoma.

Leo asubuhi, saa mbili, nilikuja hapa na chakula cha Emery, ugali na ndagala. Nilipoingia uwanjani nilimkuta mzee Basile amekaa chini ya bendera, viatu viko pembeni, na Bihogo amefungwa kwenye nguzo. Alisikia mashitaka, akaanza kumshusha tangu Ijumaa kwa miguu. Alilala Luberizi, hakumpigia baba mukubwa hodi. Askari mmoja alikuwa anasema ng'ombe amekula maua ya komanda. Mzee Basile akamjibu: "Wamesema ng'ombe huyu ameuzwa mara nyingi. Nimemuleta mumuulize mwenyewe analala kwa nani."

Nilimsalimia mzee kwa magoti. Aliniambia: "Mukwe wangu, kijana amekosa. Sikumulea kuonyesha kitu cha muntu. Minye sikuja kumutetea, nimekuja kurudisha kitu chako." Kisha tukamuangalia Bihogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuona kwa macho. Ni mkubwa kupita kwenye picha. Kitambaa kimechafuka kwa vumbi la njia lakini pindo liko zima.

Saa tatu baba mukubwa Sévère naye alifika. Aliposema ng'ombe apelekwe kwake Luberizi mpaka maneno yaishe, mzee Basile akasema kabla ya tarehe 31 ng'ombe analala kwake. Shefu akasema atabaki hapa kama kielelezo. Wanaume watatu wazima wamezunguka ng'ombe mmoja. Ndipo nikaomba kuandikwa.

Shefu ameniuliza maswali nami nimejibu hivi.

Swali: Je, ng'ombe huyu aliuzwa kwa muntu yeyote?
Jibu: Hapana. Huyu hapa.

Swali: Mshitakiwa aliomba au kupokea kitu chochote kutoka kwa waliobonyeza?
Jibu: Alipokea namba zao za simu na haja zao. Simu yake hii, ninaiacha mezani, shefu asome mwenyewe. Ila ya mgonjwa asiisome kwa sauti.

Swali: Kwa hiyo unasema hakuna kosa?
Jibu: Sikusema hivyo. Kosa liko. Alichukua kitu changu akakitumia kuulizia watu bila kuniuliza mimi, na baba yangu mukubwa akachekwa sokoni. Lakini hilo si wizi wala si udanganyifu wa kumlaza muntu ndani ya kasho ya polisi. Hilo ni kosa la nyumbani, na mwenye kukosewa wa kwanza ni mimi.

Swali: Mshitaki anasema yeye ndiye aliyekosewa.
Jibu: Baba mukubwa amekosewa, na ninamuomba anisamehe ninavyosema mbele yake. Ameketi hapo kwenye benchi na goti lake amelinyoosha. Alipanda mulima kwa ajili yangu, sitasahau. Lakini kitambaa alichokifunga alikifunga kwa jina langu. Kama ni wangu siku ya kukubaliwa, ni wangu na leo.

Shefu amemuuliza baba mukubwa kama ana la kusema. Akasema: "Binti anasema desturi. Desturi siwezi kuishitaki." Amesema anaondoa mashitaka yake, ila Emery aje Luberizi siku ya soko, aseme mbele ya wale wauza mupunga kwa mdomo wake, bila simu.

Swali: Ng'ombe apewe nani?
Jibu: Mimi.

Swali: Utampeleka wapi?
Jibu: Barabara ya komisaria iko na pande mbili. Ya kaskazini inakwenda Kavimvira, Luberizi, mpaka Rurambo. Ya kusini inakwenda Kalundu, kwa baba yangu. Nikimfungua kitambaa arudi kaskazini, kila muntu atajua nimekataa. Akienda kusini, kila muntu atajua vilevile. Bado sijajua mguu wangu utageuka wapi. Nataka kwanza kumsikia Emery akiwa nje, muntu huru, si muntu anayesema kwa sababu amefungwa. Kuna swali moja juu ya kitu changu ambalo hakuniuliza kabla ya kuuliza mji mzima. Akiliuliza nitamjibu. Hilo shefu asiliandike. Basi, aliandike.

Nimesomewa yote haya kwa sauti, na ni sauti yangu. Sina cha kuongeza. Cha kupunguza kipo, lakini nimekiacha. Hapo ndipo maelezo yangu yanapoishia.

Sahihi ya shahidi: Kwizera Noella

MAANDISHI YA OFISA
Mimi, OPJ Herménégilde, nathibitisha kwamba shahidi ametoa maelezo haya kwa hiari, akiwa na akili timamu, kwa Kiswahili anachokisema. Mashitaka yameondolewa na mshitaki kwa sahihi yake. Mshitakiwa Emery ameachiliwa saa sita na nusu. Simu yake amerudishiwa.

Ng'ombe mmoja jike, rangi nyekundu iliyokolea, pembe moja imeinama, amekabidhiwa shahidi mbele ya mzee Basile na bwana Sévère, bila pingamizi. Hakuna fomu ya jambo hili, kwa hiyo naliandika hapa.

Uwanjani mshitakiwa alimsogelea shahidi, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini. Sikukisikia. Shahidi alikifungua kitambaa shingoni mwa ng'ombe, na bwana Sévère akasimama kutoka kwenye benchi. Shahidi alikikung'uta vumbi, akakiangalia pindo, akakifunga tena kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akashika kamba, akatoka mlangoni, akageuka kusini. Mshitakiwa alimfuata nyuma ya ng'ombe.